Barazani kwa Ami: Nataka kuhamia chuo cha karibu na nyumbani, na kila mtu ananivuta kwake

Ami, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 21, kifungua mimba katika nyumba ya watoto wanne hapa Kisauni. Nasoma BCom, digrii ya biashara, katika chuo kikuu kimoja cha umma huko bara. Nilipangiwa nafasi na KUCCPS, shirika la serikali linalopanga wanafunzi vyuoni; sehemu ya karo inalipwa na udhamini wa serikali na sehemu nyingine ni mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi. Nimemaliza semesta ya kwanza ya mwaka wa pili. Ya pili sijajisajili, na hapo ndipo penye taabu yangu.

Mamangu alipigwa na kiharusi. Alilazwa, akatoka, alhamdulillah anazungumza, lakini mkono wa kulia hauna nguvu na anatakiwa apelekwe mazoezi ya viungo kila wiki. Babangu alikuwa karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini. Kazi ile ilinyauka tangu makontena yaanze kupakiwa kwenye reli ya SGR kwenda kutolewa Embakasi, Nairobi, na sasa anaendesha tuktuk, harudi mpaka usiku. Wadogo zangu wawili bado wako shule ya msingi. Kaka anayenifuata amemaliza Form Four mwaka jana, yuko nyumbani tu.

Baba amekata shauri kwamba nirudi Mombasa nisome chuo cha hapa. Mimi sikatai. Huko bara nalipa kodi ya chumba, nala vibaya, na simu ikilia usiku moyo unaruka. Lakini sijui nihamie wapi, maana kila mtu ana chuo chake. Rafiki yangu yuko Pwani University, Kilifi, anasema nimfuate tupange pamoja. Mjomba anasema niache digrii, niingie Kenya Coast National Polytechnic nichukue diploma, nitapata kazi haraka. TUM, yaani Technical University of Mombasa, ndiyo karibu zaidi na nyumbani, lakini watu mtaani wananiambia kile ni chuo cha ufundi, biashara utaisomea wapi kwenye karakana. Halafu kuna kampasi moja ya chuo cha kibinafsi hapa mjini. Nilipoingia kuuliza, dada wa mapokezi alinikaribisha vizuri sana, akaniambia nilete ada ya usajili kabla ya mwisho wa mwezi kwa sababu kuna punguzo, na nitaingizwa mwaka wa pili moja kwa moja, masomo ya jioni. Nilimwomba aniandikie, akasema hayo yatafanyika nikishalipa.

Chuo changu cha sasa nacho kina mambo yake. Yuniti mbili, Business Law na Statistics, maksi zangu hazionekani kwenye mtandao wao ingawa mitihani nilifanya. Tena nina baki ya karo ya shilingi 18,000.

Nauliza, Ami: nichague kipi? Nikihama nitapoteza HELB? Naogopa sana kurudishwa mwaka wa kwanza, wenzangu niliomaliza nao sekondari wavae joho mimi bado nafanya CAT, mitihani midogo ya darasani.

Kifungua mimba, Kisauni.

AMI ANAJIBU

Marahaba mwanangu. Mpe mama pole nyingi, na umwambie mkono unaweza kurudi polepole kwa anayefanya mazoezi bila kukosa, kwa hiyo hiyo safari ya kila wiki isikatwe hata mara moja.

Wanaonijua wanajua kwamba kabla ya kustaafu nilikaa upande wa pili wa lile dirisha la ofisi ya msajili, nikipokea faili za wanaohama. Wengi walikuja kama ulivyokuja wewe, na majina ya vyuo mkononi, wakitaka niwaambie lipi bora. Chuo kipi nitakwambia, usiwe na wasiwasi. Lakini kwa mtu anayehamia mahali katikati ya masomo, sifa ya chuo si kitu cha kwanza. Cha kwanza ni hiki: kati ya yuniti ulizokwisha kufanya, ni chuo gani kitazikubali, ngapi, na kitaandika hivyo kwenye barua yenye muhuri kabla hujatoa shilingi. Vyuo viwili vinaweza kuwa sawa kwa kila kitu, kimoja kikakupokea na yuniti 18 na kingine na yuniti 7. Tofauti hiyo ni karibu mwaka mzima wa maisha yako na karo yake.

Sasa sikiliza hesabu. Viwango vya CUE, tume inayosimamia vyuo vikuu, vinaruhusu yuniti kuhama baina ya vyuo vilivyoidhinishwa, kwa masomo yanayofanana ya ngazi moja, lakini vimeweka kikomo: asilimia 49. Yaani zaidi ya nusu ya digrii lazima uisomee kwa hao watakaokupa cheti. BCom ni semesta nane. Wewe umemaliza tatu, uko chini ya kikomo bado. Ukimaliza semesta ya nne huko bara utakuwa kwenye nusu kamili, na kuanzia hapo kila yuniti utakayoongeza ni jasho utakaloliacha hukohuko. Basi kama ni kuhama, hama sasa. Na kama utaona ni afadhali ubaki, baki mpaka mwisho. Kuhama ukiwa mwaka wa tatu ndiko kunakowaliza watu.

Lakini "sasa" si kesho asubuhi. Semesta ya pili hujajisajili. Usiiache hivyo hivyo, ukanyamaza. Andika barua ya kuahirisha masomo, ueleze ugonjwa wa mama, ambatisha karatasi za hospitali, na uhakikishe umejibiwa kwa maandishi. Mwanafunzi aliyeahirisha ana nafasi yake. Aliyepotea bila barua anaandikwa mtoro, na siku atakapotaka kuachiliwa kwenda chuo kingine hana mguu wa kusimamia. Kuahirisha kunakupa pia muda wa kumuuguza mama bila kuwa na mitihani kichwani, na nani ajuaye, huenda baada ya miezi sita hali ikawa nyingine na usitake tena kuhama. Mlango huo usiufunge mwenyewe.

Utalazimika kusafiri kwenda bara, na ninataka iwe safari moja tu, nauli si mchezo. Kabla ya kupanda gari mpigie simu mwakilishi wa darasa lenu akuulizie wahadhiri wa zile yuniti mbili wako siku gani. Ukifika, anza na maksi zilizopotea. Nenda kwa mkuu wa idara ana kwa ana, ukiwa na kadi yako ya mtihani na karatasi za CAT ulizorudishiwa. Barua pepe peke yake katika jambo hili ni kupoteza chaji. Statistics na Business Law si yuniti za kuachilia, maana hizo ndizo zinazofanana karibu kila chuo chenye BCom, na ndizo zenye nafasi kubwa ya kukubaliwa. Yuniti za jumla ambazo kila chuo hutunga zake, kama stadi za mawasiliano, ndizo hukataliwa sana. Usizililie.

Kisha ingia kwa mhasibu wa chuo kuhusu zile 18,000. Bila kumaliza baki hutapewa transkripti, sahau. Wakikubali ulipe kidogo kidogo, uliza kama watakutolea transkripti ya muda kwanza. Na kuna karatasi moja ambayo wahamaji karibu wote huisahau: maelezo ya kila yuniti uliyosoma, mada zake, saa zake na vitabu vyake, yaliyopigwa muhuri na idara. Transkripti inasema ulipata B ya Microeconomics. Haisemi mlifundishwa nini. Kamati ya chuo kipya inaketi na maelezo hayo mkononi na kulinganisha na yake, na ikiwa hayapo, njia rahisi kwao ni kukukatalia. Nimeona mtu mwenye A tupu akirudishwa nyuma kwa sababu alileta transkripti kavu. Omba pia waliotoa maelezo wakuandikie jina la ofisi ya kuuliza, kwani chuo kipya huenda kikataka kuthibitisha.

Sasa fedha. Udhamini wako umetokana na kupangiwa nafasi na KUCCPS, kwa hiyo namna utakavyohama ndiyo inayoamua kama utabaki nao. Kuna milango miwili. Mmoja ni uhamisho wa KUCCPS wenyewe: unaomba kwenye tovuti yao dirisha linapofunguliwa, unatakiwa uwe na alama zinazofikia kiwango cha kozi hiyo katika chuo unachokiendea, na vyuo vyote viwili, kinachokuachilia na kinachokupokea, lazima vikubali. Dirisha hilo linawalenga zaidi wale wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo wewe uliye mwaka wa pili waulize waziwazi kabla ya kulitegemea. Mlango wa pili ni kuomba moja kwa moja kwa chuo kipya, ofisi ya usajili, na Seneti yao ikapitisha. Mlango huu uko wazi kwa wengi, lakini una mtego: unaweza kuingia ukahesabiwa mwanafunzi wa kujilipia, na karo ya kujilipia si ile uliyozoea. Uliza kabla ya jambo lolote, "Nikiingia kwa njia hii nitakuwa wa serikali au wa kujilipia?" na jibu ulitake kwa maandishi.

Mkopo wa HELB ni jambo jingine, usiuchanganye na udhamini. HELB huwakopesha hata walio vyuo vya kibinafsi. Kosa linalofanyika ni mtu kuhama kimya kimya, fedha za semesta zikaendelea kutumwa akaunti ya chuo cha zamani, na kuzirudisha kutoka huko ikawa kesi ya mwaka. Una bahati uko Mombasa: nenda Huduma Centre pale Posta, Digo Road, kuna meza ya HELB. Waambie unaahirisha, na baadaye waambie unahama. Mara mbili, kila moja kwa wakati wake.

Haya, vyuo vyenyewe.

Ningekuwa mimi ningeanza na TUM. Hao wanaokwambia ni karakana tupu wanazungumzia enzi nyingine. Ni kweli pale Tudor palianzia kama MIOME, chuo cha ufundi cha vijana wa Kiislamu wa Afrika Mashariki, kikawa Mombasa Polytechnic mwaka 1972, kikawa chuo kishiriki cha JKUAT, chuo kikuu cha Jomo Kenyatta, mwaka 2007, na mwaka 2013 kikapata chata yake kama chuo kikuu kamili. Kina skuli ya biashara na BCom inafundishwa. Isitoshe, cha umma kwenda cha umma ndiko kwenye matumaini makubwa zaidi ya kubaki mwanafunzi wa serikali. Na wewe unahama kwa sababu ya mama. Kutoka Kisauni unapanda matatu, unavuka daraja la Nyali, unashuka Buxton, na kutoka hapo hata kwa miguu unafika. Ukipigiwa simu saa nne asubuhi, saa tano uko nyumbani.

Hapo ndipo Pwani inapokuwa ya pili kwangu, ingawa ni chuo kizuri, nacho kilipata chata mwaka huohuo wa 2013, na BCom kinayo. Kilifi ni karibu kilomita 60 kutoka Mombasa, na Mtwapa unaijua foleni yake. Ukienda na kurudi kila siku utachoka kabla ya mwezi, na ukipanga na rafiki yako, basi utakuwa umehama bara ukahamia mbali kidogo tu na mama, ukalipa kodi ya chumba vilevile. Hata hivyo peleka karatasi zako huko pia. Wakikukubalia yuniti 19 na TUM wakakukubalia 9, tutazungumza upya, na nitakuwa wa kwanza kukwambia uangalie vyumba Kilifi.

Mjomba mwambie kwa adabu kwamba hapana. Polytechnic ile naiheshimu, na kwa anayeanzia pale ni njia njema. Lakini katika mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu diploma iko ngazi ya 6 na digrii ngazi ya 7. Wewe uko juu tayari, umeshapanda semesta tatu. Kushuka ili uje upande tena ni kulipa mara mbili kwa kitu kimoja. Kama hoja yake ni kazi ya haraka, kuna jibu bora zaidi na halihitaji uhame popote: CPA, sifa ya uhasibu. Mitihani yake hutolewa na bodi ya KASNEB, nayo haijali uko chuo gani. Namba yako ya usajili inakufuata Tudor, Kilifi, hata ukirudi bara, na ukifaulu karatasi hakuna kamati ya kuikataa. Katika hiyo semesta ya kumuuguza mama, chukua karatasi mbili za ngazi ya Foundation ambazo umeshazigusa darasani, Economics na Financial Accounting kwa mfano. Usiku, mama akilala, unasoma.

Nimeiacha ile kampasi ya mjini kwa makusudi. Sisemi vyuo vya kibinafsi ni vibaya. Viko vinavyofundisha vizuri kuliko vya umma, na masomo ya jioni yangekufaa. Ninalolichukia ni lile neno, "nikishalipa". Mtu anayejua atakubali yuniti ngapi hana sababu ya kuificha karatasi. Dada wa mapokezi hana mamlaka ya kukuingiza mwaka wa pili. Mamlaka hiyo ni ya kamati, na kamati haijaona hata transkripti yako, kwani wewe mwenyewe hunayo. Jirani yangu mmoja aliahidiwa hivyohivyo, akalipa, akaingia "mwaka wa pili", na mwisho akaambiwa ana yuniti kumi na kitu za mwaka wa kwanza za kufidia, kila moja kwa bei yake. Alikuwa mwaka wa pili kwa jina la darasa tu.

Ukiipenda bado, waulize mambo matatu. Je, kozi hii imeidhinishwa na CUE? Kampasi hii yenyewe je, maana chuo kikuu kinaweza kuwa halali na tawi lake lisiwe? Si hadithi za kale hizi: mwaka 2016 CUE iliamuru matawi kadhaa ya vyuo yafungwe, na wanafunzi wakaambiwa waende wakamalizie kwingine. La tatu, karo yote kwa mwaka ni ngapi, pamoja na usajili, mitihani, maktaba na attachment (mafunzo ya kazini), si ile ya kwenye bango tu. Punguzo la mwisho wa mwezi lisikutie pupa. Mwezi ujao litakuwapo jingine.

Kuna jambo umelipitia haraka kwenye barua yako na mimi siwezi kulipita. Kaka yako amemaliza Form Four, yuko nyumbani tu. Baba amekata shauri wewe uache chuo urudi, lakini hukuniambia kwamba kuna mtu aliyemwambia huyo kijana ampeleke mama mazoezi. Kwani kumshika mama mkono mpaka kwenye matatu ni kazi ya wasichana? Kumwogesha, sawa, hilo mama mwenyewe atataka awe binti au dada yake. Lakini kliniki, dawa, kupokea wadogo kutoka shule, hata kuchemsha uji, yote hayo kijana wa miaka kumi na minane anaweza, na baba akimwambia mara moja atafanya. Sisemi hivi ili ubaki bara. Nasema kwa sababu hata ukihamia TUM, ukatoka nyumbani asubuhi na kurudi jioni, bado kuna saa nane au tisa mchana ambazo mama atahitaji mtu. Hesabu hiyo ya saa ifanyeni nyumbani, baba akiwapo, kabla hamjafanya hesabu ya karo. La sivyo utahama, utajisajili, na semesta ya kwanza tu utaanza kukosa darasa.

Kama kusema na baba moja kwa moja ni vigumu, mtume shangazi yako, au mpe baba hii barua aisome mwenyewe. Baba, kama unaisoma: msichana huyu yuko robo tatu ya njia kufika katikati ya digrii yake, kwa alama zake mwenyewe na fedha ambazo hukuzitoa zote mfukoni. Anakusikiliza. Usimharakishe.

Kuhusu wenzako na joho, mwanangu, hilo sina dawa nalo. Utachelewa. Hata mambo yakienda sawa yote, kati ya kuahirisha, kusubiri kamati na yuniti zitakazokataliwa, utamaliza baada yao kwa semesta mbili hivi. Jipange kwa hizo mbili. Zisizidi, ndilo la kupigania.

Na hapa nikupe kipimo cha kushika. Umefanya yuniti kama 21. Chuo kikikubali 15 au zaidi kwa maandishi, ukabaki mwanafunzi wa serikali, kiko mahali unapoweza kufika kutoka Kisauni, hama bila kunyong'onyea. Kikikubali kati ya 10 na 14, fanya hesabu ya karo na baba kwanza, semesta kwa semesta. Chini ya 10, huko si kuhama tena, ni kuanza upya kwa jina jingine. Hapo afadhali uahirishe mwaka, mama apate nafuu, urudi ulikotoka ukamalize. Wakikuletea barua yenye namba usiyoielewa, au wakikataa kuiandika kabisa, niletee hapa barazani kabla hujalipa.

Ami